Taja, Kisha Subiri

Darkhan, 12 Septemba 1983

Kaka Dambii,

Vuli inawaendeaje huko? Kondoo wa ushirika wamenona? Mguu wa wifi Khandsuren umetulia, au bado anaukanyaga kwa ubishi? Mimi mzima. Bweni ni lilelile, wanawake sita na jiko moja, na Tuul wa kitanda cha pili bado anakoroma kama lori linalopanda mlima. Kiwandani wamenitoa kwenye kuchambua ngozi, sasa nashona mikono ya makoti. Mikono tu, kutwa nzima. Koti zima sijaliona bado.

Sasa Enebish. Dereva aliyemleta kwenu aliniambia alilia mpaka akalala juu ya magunia. Asante kwa kumpokea. Hapa bwenini watoto hawaruhusiwi, wewe unajua, na baba yake tangu aondoke na mashine zake za kuchimba visima hajatuma hata salamu.

Kaka, mtoto anakaribia kutimiza miaka minne na hana neno hata moja. Masikio ni mazima, wameyapima. Kliniki yuko mama mmoja, Bi Gerelmaa, aliyekaa nami akanieleza taratibu. Anasema tusimmwagie maneno kama mvua. Shika kitu, kitaje, kisha subiri. Usimpe mpaka afungue mdomo. Kaka, wewe na subira hamjawahi kusalimiana, ndiyo maana nakuandikia kwa herufi kubwa: SUBIRI.

Nimeweka na kadi za picha alizonipa. Chekechea ya kiwanda imeniwekea nafasi mpaka mwisho wa Machi, kwa sharti mtoto awe anaweza kuomba maji na kusema anataka kwenda chooni. Nikiwa na nafasi hiyo nitapewa na chumba changu, tutakaa wawili. Msimamizi naye ameniahidi ruhusa. Basi siku atakayosema neno, niandikie. Neno moja tu, Kaka. Nitapanda lori la kwanza.

Mdogo wako,
Norjmaa


Bonde la Ider, 25 Oktoba 1983

Mdogo wangu Norjmaa,

Barua yako ilikaa tarafani mpaka mtu wa posta akakumbuka kwamba na sisi ni watu. Tu wazima. Kondoo wana mafuta ya kuwafikisha machipuo, nadhani. Ng'ombe mwekundu amekuwa mkaidi, amefuata tabia za wifi yako. Mguu wa wifi yako umepona kitambo, lakini bado ananituma maji, kwa hiyo usimwambie kwamba najua.

Kadi zako tulizifungua. Ya kwanza ilikuwa na tunda lenye majani kichwani kama kofia ya mlevi. Nikamuuliza Khandsuren, "Hiki nini?"

"Unaniuliza mimi? Dada yako ndiye mtu wa mjini!"

Tukaigeuza juu chini, haikusaidia. Enebish aliichukua, akailamba, akaturudishia. Ile ya treni imeliwa na mbuzi. Usikasirike, zilizobaki zimo sandukuni.

Lakini hilo la kusubiri tumelishika, nalo limeondoa amani nyumbani. Juzi nimeshika kipande cha jibini kavu, nikasema "jibini", nikanyamaza. Mtoto akanyoosha mkono. Nasubiri. Akavuta mkono wa koti langu. Nasubiri. Akaanza kulia. Khandsuren akatupa mwiko chini. "Wewe mzee una roho gani? Mtoto ana njaa, unamfanyia mtihani!"

"Ni maagizo ya kliniki."

"Huyo wa kliniki aje hapa, nami nimsubirishe chai yake!" Akampa vipande viwili. Ndivyo tunavyofundisha huku: mimi nasubiri, mwenzangu anagawa.

Anachokipenda ni vifupa vya kifundo cha kondoo, vile mimi na wewe tulivyochezea mpaka tukapigana. Anavirusha chini, halafu anavipanga kwa zile pande zake nne tulizozipa majina ya wanyama: vilivyoangukia upande wa farasi hapa, wa ngamia pale, kondoo kwake, mbuzi kwake. Hakosei. Nimechanganya makusudi, akavirudisha akanitazama vibaya. Kwa hiyo kichwani anavijua, ni mdomoni ndipo pamefungwa. Nimeamua kuachana na jibini. Nitarusha kifupa, nitataja kilivyoanguka, halafu nisubiri. Hapo hakuna njaa wala mwiko wa kutupwa.

Kaka yako,
Dambii


Darkhan, 6 Desemba 1983

Kaka Dambii,

Mnavuka salama baridi hii? Hapa mabomba yamepasuka, tunalala na makoti. Mwambie wifi nimemtumia kitambaa cha bluu cha joho la mtoto, na kilichobaki ajishonee kitu, asijifanye hataki. Lile tunda, Bi Gerelmaa anasema linaitwa nanasi. Nikamuuliza lina ladha gani. Hajawahi kulila.

Tangu barua yako ya Oktoba sijapata nyingine. Nikishona, nawaza. Nawaza hata jina lake. Tulimwita Enebish, Siye Huyu, ili kilichowachukua wale wawili wa kwanza kikipita kimruke. Hapa kiwandani vijana wananicheka, eti nawezaje kumwita mwanangu hivyo. Nawacheka na mimi, kisha nikilala najiuliza kama alitusikia akaamini kwamba hayumo.

Machi haiko mbali. Niambie wazi, Kaka. Anasema au hasemi?

Norjmaa


Bonde la Ider, 14 Januari 1984

Mdogo wangu Norjmaa,

Tunavuka salama, ingawa mate yanaganda kabla hayajafika chini. Kitambaa kimefika. Khandsuren alisema hakitaki, kisha akajishonea kilemba usiku uleule. Mbwa mwitu wamechukua kondoo dume mmoja wa ushirika, na mwenyekiti ameniandikia karatasi ndefu kama kwamba mimi ndiye niliyemla.

Umeniuliza wazi. Na wewe unajua kwetu mambo ya mtoto hayajibiwi wazi. Tangu yule mpita njia alipomsifu wa pili wako hapa mlangoni, kwa sauti, "Lo, huyu mpiga mieleka!", na mtoto hakuyaona machipuo, mimi mdomo wangu nimeushona.

Kibaya wako yupo. Sura mbaya, hana maana, pua tumeipaka masizi ya sufuria. Hana la kumwandikia mtu.

Njoo Februari, kwa mwaka mpya wa Mwezi Mweupe. Usiniulize kwa nini, njoo tu. Khandsuren amekuwekea mkia wa kondoo, na anasema niandike tena: njoo.

Dambii


Darkhan, 19 Machi 1984

Kaka Dambii, wifi Khandsuren,

Heri ya mwaka mpya, hata kama imechelewa. Mmeuvukaje? Kondoo wameanza kuzaa? Mimi nilikula maandazi ya nyama bwenini na Tuul, tukaimba mpaka mlinzi akatugongea.

Nisameheni, sikuja. Barua yako, Kaka, niliisoma nikaielewa. Uliposema hana la kuandikwa, na kwamba mdomo wako umeushona, nilijua unanionea huruma. Kama baba alivyofanya mama alipokuwa hospitali, akatuambia tu "njooni", na tulipofika tukakuta alichoshindwa kutuambia. Nilikaa na tiketi ya lori mkononi. Nikajiona nimesimama mlangoni kwenu, yeye ananitazama na yale macho yake, kimya, na nyote mnaniangalia nitafanya nini. Sikuweza. Kiwanda kiliomba watu wa kufanya kazi sikukuu, nikaandikisha jina langu.

Nafasi ya chekechea nimemwachia Tuul. Binti yake anaanza Aprili, na chumba wamepewa wao. Ningengoja nini? Orodha sasa imejaa mpaka Enebish afike umri wa shule, na shule nayo itamchukua vipi?

Mkaeni naye. Nitatuma nguo.

Norjmaa


Bonde la Ider, 2 Mei 1984

Norjmaa,

Leo sikuulizi hali na sikupi habari za kondoo.

Mtoto anasema! Anasema tangu Novemba! Umenisikia, mwanamke wewe? Nilirusha kifupa, nikakaa kimya kama ulivyoagiza, akakitazama, akasema "ngamia". Na kweli kilikuwa ngamia. Nikaogopa hata kucheka. Khandsuren alikuwa anakoroga chai, akaendelea kukoroga, machozi yakimwingia kwenye sufuria. Kesho yake farasi, mbuzi. Kisha jibini, na hilo alilisema kwa hasira, ananikumbusha. Maji. Moto. Mbwa. Anaomba kwenda nje hata asipokuwa na haja, kwa sababu amegundua tunamkimbilia. Ilipofika Januari, nilipokuwa nakuandikia ile barua ya kijinga, alikuwa amekaa miguuni pangu anataja kalamu.

Wewe ni mtoto wa hema hili! Ulisahau jinsi tunavyowasema watoto? Ukisikia mtu anamwita mtoto kibaya, ujue mtoto ananona. Nilikuandikia njoo, nikarudia njoo. Mtu aite mara ngapi?

Nimepumzika kidogo, nimekwenda kuwatazama wana-kondoo, nimerudi. Khandsuren amesoma hapo juu akaniambia ni mimi ninayestahili kunyamaza. Anasema habari mbaya nazo huwa hatuzisemi wazi, sasa wewe uliyekaa peke yako huko ungejuaje ni ipi. Ni kweli. Nilimficha mtoto asionwe na kile kisichoonekana, na aliyeshindwa kumwona ni wewe. Neno moja tu uliliomba, mdogo wangu. Nilikuwa nalo mdomoni miezi yote.

Nafasi ile haiwezi kurudi? Zungumza na Tuul. La, usizungumze, mtoto wake amekosa nini.

Kuna jambo jingine. Picha yako ile ya kiwandani nimeiweka juu ya sanduku. Kila asubuhi nainyooshea kidole, nasema "mama", nasubiri. Mtoto ananitazama kama mtu aliyechanganyikiwa. "Picha," ananiambia. Nasema tena, mama. "Picha, Mjomba." Na ni picha, siwezi kubisha.

Njoo. Kiangazi hiki atakatwa nywele zake za kuzaliwa. Na usiniulize kabla hujaja mtoto anamwita Khandsuren nani.

Dambii


Darkhan, 8 Agosti 1984

Kaka Dambii,

Nimefika salama. Lori liliharibika njiani, tukalala kwa watu wema waliotupa maziwa ya farasi yaliyochachuka, mengi kuliko busara. Mwambie wifi mkia wa kondoo alionifungia umefika salama, Tuul ameusifu.

Mliniuliza kwa nini siongei. Sasa naandika, kwa sababu kwa kalamu naweza.

Niliposhuka mbwa walinijia juu, nikapiga kelele washikeni mbwa. Akatoka yeye. Pua nyeusi, joho la bluu, nywele mpaka mgongoni. Akakiruka kizingiti vizuri bila kukikanyaga, akanitazama kuanzia viatu kwenda juu. Kisha akageuka akasema kwa waliomo ndani, sauti safi kabisa: "Mgeni."

Kaka, nilifurahi. Usidhani ni uongo. Ile ndiyo mara ya kwanza kuisikia sauti ya mwanangu ikiwa na neno ndani yake, nikafurahi kabla sijaelewa neno lenyewe ni lipi.

Akanishika kidole akanipeleka upande wa wageni, nikakaa. Akaniletea bakuli kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko, kama mtu mzima. Nikanyoosha mikono kupokea, hakuachia. Akasema "chai", akanitazama, akangoja. Nilikuwa sijui anangoja nini. Wifi akaninong'oneza, "Taja." Nikasema, "Chai." Ndipo akaniachia bakuli, na mkacheka nyote, na mimi nikacheka, na wewe ukatoka nje eti kutazama farasi.

Kisha akamkimbilia wifi akamwita mama.

Nilimwona wifi alivyobadilika uso. Mwambie sina kinyongo. Usiku ule aliniapia kwamba hakumfundisha, kwamba alilisikia kwa watoto wa majirani akalitafutia mtu mwenyewe. Namwamini. Lilikuwa neno lisilo na mwenyewe, na yeye ndiye aliyekuwa karibu, na mkono wenye jibini. Ningekuwepo Februari, labda lingenisubiri. Tiketi ilikuwa mkononi.

Siku ya nywele mlinipa mkasi kwanza, nashukuru. Alitulia nilipokata, kama alivyotulia kwa majirani wote, akaangalia zawadi ya kila aliyekata ni nini. Kishungi changu nimekiweka kwenye leso, ndani ya mto.

Wewe uliniambia nimchukue kwa nguvu, atazoea. Nimchukue nimpeleke wapi? Bwenini wanamkataa, chekechea hana. Na anataja vitu vyenu, Kaka. Anamjua kila farasi kwa rangi yake, rangi ambazo mimi nimezisahau. Hapa ningemwonyesha nini, mikono ya makoti?

Naomba jambo moja. Ile picha iondoe juu ya sanduku. Anaijua tayari.

Norjmaa


Bonde la Ider, 30 Septemba 1984

Mdogo wangu Norjmaa,

Unaingiaje kwenye baridi? Mabomba yenu wamekwisha kuyaziba? Sisi wazima. Nyasi hazikuwa mbaya, kondoo wana mafuta mgongoni, na mwenyekiti safari hii ameniandikia karatasi ya sifa, nimeifungia tumbaku. Ng'ombe mwekundu amezaa jike, mkaidi vilevile. Khandsuren anakusalimu. Ameandika barua yake mwenyewe mara kadhaa na kuichoma kila mara, kwa hiyo pokea hii kwa niaba ya hizo.

Picha sikuiondoa. Nisamehe kwa hilo pia.

Sasa nitaandika wazi, na anayesikiliza asikilize, nimechoka kumwogopa. Mtoto wako mzuri. Ana akili, ana sauti nzuri, na anaongea tangu anapoamka mpaka Khandsuren anamwomba apumzishe mdomo. Maneno mawili mawili sasa, wakati mwingine matatu. "Mjomba mvivu, amka," hilo alilisema jana, na najua aliyemfundisha.

Lakini tangu uondoke ana jambo lake. Lori likisikika ng'ambo ya mto, anaacha vifupa vyake popote vilipo, anatoka. Anasimama pale uliposhukia. Anasema, "Mgeni." Kisha anasubiri. Lori linapita, vumbi linatulia, yeye yupo. Khandsuren anamwita chakula, haji. Nilimfuata nikamwambia mgeni ameenda kwake, ana kazi. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, akageukia barabara, akasema tena, pole pole, kama anayefikiri hakulitamka vizuri: "Mgeni." Akasubiri.

Nilisimama naye. Ndivyo tulivyomfundisha, mimi na wewe na yule mama wa kliniki: ukikitaja kitu sawasawa, ukasubiri, utapewa.

Theluji haijafunga barabara bado. Malori ya chumvi yanapita mpaka mwisho wa Oktoba.

Kaka yako,
Dambii